Nguo ya Kijani Haitwangwi

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Nguo kuukuu, ikatwangwa, ikawa karatasi.

Karatasi kaikata nani?

Haikukatwa. Ilichanwa kwa mkono.

Haya, sogeeni. Yule anayesinzia kule nyuma mfinyeni kidogo, maana leo nawapeleka mbali na sitaki kurudi njiani kumtafuta mtu.

Hapo zamani za kale, katika kisiwa kiitwacho Ayalandi, huko kaskazini, ambako mvua hunyesha asubuhi, hunyesha mchana, na jioni hunyesha tena utadhani imesahau kwamba imekwisha kunyesha, paliondokea binti mmoja jina lake Nuala. Aliishi na mama yake, Una, na bibi yake mzaa mama, Bibi Gobnait. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, paa la nyasi, na ndani yake uliwaka moto wa udongo mweusi wa kinamasi, ambao huko hukaushwa ukawaka kama kuni. Moto huo ulikuwa haujazimwa tangu enzi za wakubwa wa Bibi Gobnait. Usiku waliufunika kwa majivu, na asubuhi wakaufunua.

Kazi yao ilikuwa karatasi. Lakini si karatasi ya kuandikia wala ya kufungia sukari. Mtu wao akifa, watu wa nyumba ile hawakumchongea jiwe. Walitwaa nguo aliyoipenda, wakairarua vipande vidogo, wakaichemsha kwa maji ya majivu, wakaitwanga kinuni mpaka ikawa rojo. Rojo likachotwa kwa chekeche, likakandamizwa, likaanikwa, likawa karatasi. Kisha wakaichana kwa vidole, polepole, wakatoa umbo la marehemu, wakambandika ukutani kwa gundi ya unga. Mkasi ulikuwa mwiko. Bibi Gobnait alisema ukingo wa mkasi hauna nyuzi, na mtu asiye na nyuzi hana cha kumshikanisha na ndugu zake.

Ukuta mzima ulikuwa ukoo. Babu Tadg alikuwa pale, rangi ya samawati, kwa sababu shati lake lilikuwa la samawati, amempanda samaki wa mtoni wa hadithi za kwao, yule aliyekula kokwa za hekima. Baba yake Nuala alikuwa pale, rangi ya kijivu, amekumbatiana na sili, yule mnyama wa baharini, kwa kuwa kwao walijigamba kwamba bibi yao wa kwanza alikuwa sili, akatoka baharini akavua ngozi akawa mtu. Mama yake Bibi Gobnait alizungukwa na ndege weupe wa shingo ndefu, wale waliokuwa watoto wa mfalme kabla mama wa kambo hajawaroga. Nuala alijifunza kusema mbele ya ukuta ule. Bibi ananyoosha kidole, mtoto anataja jina.

Sasa sikilizeni. Mama yake Nuala alikuwa na gauni la kitani, la kijani, gauni lake la kwenda kwa watu. Siku moja kifungo kilikatika. Una akalitundika gauni msumarini, akakifumbata kifungo mkononi, akasema, "Naenda kwa dada Dervla kuomba uzi wa kijani. Nikirudi nakishona."

Akapita njia ya mkato, chini ya Kilima. Kwa dada yake hakufika, na nyumbani hakurudi. Walimtafuta wakaona nyayo zake zimekwenda, zimekwenda, zimekwenda, zikaishia kwenye jiwe kubwa lililo ubavuni mwa Kilima. Kila mtu wa kijiji alijua kwamba ndani ya Kilima kile anakaa Malkia wa Kilimani, anayechukua watu, na kila mtu akatazama pembeni.

Siku zikapita. Dervla, mama mkubwa wa Nuala, akaja amejifunga kanga yake ya kwao. Msinicheke, kila nchi ina kanga yake, hata kama yao ni ya sufu na inanuka kondoo. Dervla alikuwa mtu wa utaratibu. Akiona kikombe kimekaa upande hukirekebisha, hata kama ni nyumba ya watu.

"Mama," akamwambia Bibi Gobnait, "Una amekufa. Tuitwange nguo yake, tumbandike, tulie, tumalize. Msiba hauwekwi kiporo."

Nuala akauliza, "Mama mkubwa, umeuona mwili?"

"Sijauona."

"Umeona nini basi?"

"Nimeona siku zinapita."

"Siku kupita si kufa."

Bibi Gobnait alikuwa amechoka kulia. Akaliondoa gauni msumarini, akalipeleka kwenye kinu. Nuala akamtangulia, akapanda juu ya kinu, akakaa. Binti mzima, amekaa juu ya kinu kama kuku aliyeatamia. Akasema:

"Nguo ya mama haitwangwi,
nguo ya mama haichanwi,
nguo ya mama haibandikwi.
Mwenyewe yu hai."

Dervla akasema binti amepagawa. Bibi Gobnait akamtazama mjukuu wake, akalitazama gauni, akalirudisha msumarini. Siku ile hawakutwanga.

Jioni yake, hodi mlangoni. Ni Sungura. Si huyu wetu mjanja mnayemjua. Huyu ni wa kwao, miguu mirefu, adabu nyingi.

"Poleni na msiba," Sungura akasema.

"Hakuna msiba hapa," Nuala akasema.

"Nasikia nguo haijatwangwa bado. Mimi ni mtu wa huruma. Mama yako hatulii huko aliko mpaka abandikwe. Mtwangie nguo apumzike."

Nuala akajibu:

"Nguo ya mama haitwangwi,
nguo ya mama haichanwi,
nguo ya mama haibandikwi.
Mwenyewe yu hai."

Sungura akaenda zake.

Jioni ya pili, hodi. Ni Kunguru, yule wa kwao anayefuata vita, amesimama kizingitini hajakaribishwa.

"Nguo haijatwangwa?" akauliza.

"Haijatwangwa."

"Basi nitawatia ukungu ukutani. Babu yako ataoza, baba yako ataoza, na ndege weupe wataoza. Wote kwa ajili ya gauni moja. Itwange."

Maneno yale yalimtisha Nuala, sitawaficha. Magoti yalimcheza. Lakini alisema palepale, magoti yakiwa yanacheza:

"Nguo ya mama haitwangwi,
nguo ya mama haichanwi,
nguo ya mama haibandikwi.
Mwenyewe yu hai."

Kunguru akaenda zake. Nuala akakaa akafikiri. Sungura hajui kutwanga. Kunguru hajui kubandika. Na wote wawili wanaulizia nguo moja. Kama mama amekufa kweli, wao kinawahusu nini?

Jioni ya tatu, hodi. Ni Farasi mweusi wa usiku, manyoya yanachuruzika maji, macho ya manjano. Farasi huyu akikubeba kwa hiari yako, hukutupa mtoni. Ana nguvu nyingi na kichwa kikubwa, na ndani ya kichwa kile hakuna mambo mengi.

"Nguo," akasema Farasi.

"Haitwangwi," akasema Nuala. "Mwambie aliyekutuma hivyo. Najua huwezi kumwambia, maana wewe ni wa kutumwa tu. Mambo ya Malkia wa Kilimani utayajulia wapi?"

Farasi akapiga kwato. "Mimi nisijue? Mimi ndiye niliyembeba mama yako mpaka ndani. Malkia amempenda, anamtaka. Lakini hawezi kummiliki mpaka ninyi wenyewe mumbandike ukutani akiwa hai. Aliyekufa kwa kifo chake Malkia hana haja naye, huyo ana kwake. Aliye hai akabandikwa na watu wake, huyo mlango wa Kilima humfungukia alfajiri ya kwanza ya kiangazi, na gundi ikikauka hana tena pa kurudi. Umeona sasa kama najua?"

"Nimeona," Nuala akasema. "Ahsante sana."

Farasi akaondoka kwa majivuno. Alipofika katikati ya njia akasimama, akakumbuka alichokisema, akajipiga kichwa mtini. Tumwache huko huko.

Nuala akalia kidogo, kwa sababu sasa alijua kwa hakika kwamba mama yake yu hai. Alipomaliza kulia akavua gauni lake mwenyewe, la kitani, jekundu, akavaa shuka la Bibi. Akalirarua gauni jekundu vipande vidogo.

"Unafanya nini?" Bibi Gobnait akauliza.

"Naenda kumchukua mama. Mlango haumfungukii mtu asiyebandikwa, ila aliyebebwa na Farasi. Basi nibandike mimi."

"Mtu hajitwangi mwenyewe, mjukuu wangu. Haijawahi kufanyika kwenye nyumba hii."

"Itafanyika kwangu."

"Na gundi ikikauka je?"

"Wewe umepika gundi ya unga tangu hujaota meno ya ukubwa, Bibi. Niambie wewe. Gundi ikiwa mbichi, kipande kinabanduka?"

Bibi Gobnait alijua jibu. Mara ngapi alikuwa amembandika mtu vibaya, bega limekwenda kombo, akashika ukingo akambandua taratibu na kumrudisha vizuri? Gundi ikiwa mbichi, kila kitu kinasameheka.

"Kinabanduka," akasema.

Wakachemsha, wakatwanga, wakachota, wakakandamiza, wakaanika. Karatasi nyekundu ikatoka. Nuala akajichana mwenyewe kwa vidole vyake: kichwa, mabega, mikono miwili, miguu miwili, visigino viwili. Wasiwasi ulimfanya achane sikio moja kubwa kuliko jingine. Alfajiri ya kwanza ya kiangazi, kungali na ukungu nje, Bibi Gobnait akapaka gundi nyuma ya karatasi, akambandika mjukuu wake ukutani, ubavuni mwa baba yake, mahali palipoachwa kwa ajili ya Una.

"Nenda," akasema. "Mimi nitailowesha karatasi, gundi isikauke."

Nuala akalichukua gauni la kijani msumarini, akalikunja, akalikumbatia, akatoka.

Bibi Gobnait akachovya kitambaa kwenye maji, akailowesha karatasi. Lakini nyumba ilikuwa na joto. Ule moto wa wakubwa wake ulikuwa unawaka palepale chini ya ukuta, na gundi ilianza kukaza pembeni. Bibi Gobnait akautazama moto. Mama yake aliufunika kwa majivu kila usiku na kuufunua kila asubuhi. Bibi yake vivyo hivyo. Yeye naye ujana wake wote na uzee wake wote.

Akanyanyua ndoo ya maji akaumwagia. Nyumba ikajaa moshi na mvuke, kisha ikawa baridi. Bibi Gobnait akakohoa, akachovya kitambaa, akaendelea kulowesha.

Nuala alipofika kwenye jiwe la Kilima, jiwe likafunguka kama mlango wa jikoni. Ndani palikuwa na mwanga usio wa jua wala wa taa. Wanawake wengi walikaa chini wanasokota uzi, lakini mikononi mwao hamkuwa na pamba wala sufu. Walisokota hewa. Na mmoja wao alikuwa Una. Alisokota kwa mkono mmoja tu. Wa pili alikuwa ameufumba.

Nuala akaita, "Mama." Una akainua macho, akatabasamu kama unavyomtabasamia mpita njia, akainamia kazi yake. Hilo lilimuuma Nuala kuliko vitisho vyote vya Kunguru.

Malkia wa Kilimani alikuwa amekaa mahali pa juu. Mzuri, sikatai. Akasema, "Karibu, mwekundu. Umebandikwa na bibi yako kwa mkono wake, u hai, basi u wangu. Nilitaka mmoja, mmeniletea wawili. Nyumba yenu ina ukarimu."

"Nimebandikwa," Nuala akasema, "lakini gundi mbichi."

"Itakauka. Nyumba yenu ina moto usiozimika. Nani asiyejua hilo?"

"Bibi yangu yupo pale."

Malkia akacheka. "Haya, tusubiri. Na mama yako je? Karatasi yake iko wapi?"

Nuala akalikunjua gauni la kijani, akalinyanyua juu kwa mikono miwili, wote walione. "Hana karatasi. Nguo yake hii hapa, nzima. Haikutwangwa, haikuchanwa, haikubandikwa. Ulimtuma Sungura, tukakataa. Ukamtuma Kunguru, tukakataa. Ukamtuma Farasi, tukakataa. Huna dai lolote hapa. Imepungukiwa kitu kimoja tu. Hapa kifuani pana kifungo kilichokatika, na mama alikwenda kutafuta uzi."

Una aliacha kusokota.

Akautazama mkono wake uliofumba. Malkia naye akautazama, na kicheko kikamtoka usoni, kwa sababu tangu siku Una alipoletwa, watu wote wa Kilimani walikuwa wamejaribu kuufumbua mkono ule wakashindwa. Walimtaka jina lake, akalitoa na kulisahau. Walimtaka nyumba yake, akaitoa na kuisahau. Mkono hakuutoa, ingawa mwenyewe hakujua tena ameshika nini.

Una akafumbua vidole. Kifungo kilikuwa pale, kimeacha alama kiganjani.

"Nilikuwa naenda kwa dada," Una akasema polepole. "Kuchukua uzi." Kisha akainua macho. "Nuala. Mbona umevaa shuka la Bibi?"

Nuala akamvisha mama yake gauni juu ya nguo za Kilimani, wakashikana mikono, wakaelekea mlangoni.

Sasa huku nyumbani, nani kaingia? Dervla. Kaona moto umezimwa, kashika kichwa. Kaona mtoto wa mdogo wake yuko ukutani, mwekundu, analowa maji. Kataka kupiga kelele. Lakini Dervla ni Dervla. Hata katika hali ile, jicho lake likaona karatasi imenyanyuka kidogo pale chini, kwenye kisigino cha kushoto, haikushika vizuri. Mkono ukaenda wenyewe. Akakikandamiza kisigino kwa kiganja, kwa nguvu, kama alivyofundishwa na mama yake, akakipangusa maji kwa kanga yake ya sufu mpaka kikakauka kabisa.

"Dervla," Bibi Gobnait akasema, "umefanya nini?"

Kule Kilimani, mguu wa kushoto wa Nuala ukanasa. Mlango huo hapo, hatua moja tu. Mguu wa kulia uko nje kwenye umande, wa kushoto uko ndani, kisigino kimeganda sakafuni. Akavuta. Hakitoki.

Malkia akashuka kutoka mahali pake pa juu, bila haraka.

"Kisigino kimekauka," akasema. "Mwache mama yako aende, huyo nimemkosa. Wewe kaa. Hapa huzeeki, huumwi, hunyeshewi. Utalia siku moja, ya pili utasahau unalilia nini."

"Ndiyo maana sikai," Nuala akasema.

"Umenasa, mtoto."

"Mimi ni karatasi ya mkono. Nachanika."

Akamshika mama yake kwa nguvu. Akavuta mara ya kwanza, akauma meno. Akavuta mara ya pili, Una naye akavuta. Na kule nyumbani Bibi Gobnait akashika ukingo wa karatasi nyekundu kwa vidole vyake vya kikongwe, akaanza kumbandua. Nuala akavuta mara ya tatu, akamgeukia Malkia, akamwambia, "Kisigino hicho chukua. Kingine hupati."

Kikachanika. Mama na binti wakaangukia nje kwenye majani, na jiwe likajifunga nyuma yao. Ukutani karatasi ikatoka nzima mikononi mwa Bibi, ila kipande kidogo chekundu kikabaki kimegandamana na ukuta.

Walifika nyumbani wamelowa, maana mvua ilikuwa imeanza, si nimewaambia? Bibi Gobnait akamshika Una uso, akamshika Nuala uso. Dervla hakuwepo. Alikuwa amekimbilia kwake, na aliporudi alikuwa amebeba makaa kwenye chungu na uzi wa kijani begani. Akawasha moto. Una akakaa karibu na moto ule mpya, akashona kifungo.

Dervla akasema, "Nilidhani nasaidia, Nuala."

"Najua, mama mkubwa," Nuala akasema. "Lakini usinisaidie tena kabla hujaniuliza."

Ile karatasi nyekundu Nuala aliirudisha kinuni, akatwanga upya, akachana umbo la Malkia wa Kilimani ameketi mahali pake pa juu na mikono mitupu, akambandika juu kabisa ukutani, aone kila kinachoendelea. Chini yake, ubavuni mwa baba, paliachwa nafasi ya Una, tupu, na kile kisigino chekundu pembeni. Majirani walisema nafasi tupu inaharibu picha. Una alikuwa akipita pale kila siku na ndoo yake ya maziwa, amevaa gauni la kijani, na akifika kwenye ile nafasi anaigonga mara tatu kwa vidole, kisha anaendelea na shughuli zake.

Kisigino cha kushoto cha Nuala kilikuwa cha baridi tangu siku ile mpaka uzeeni. Hata akikiweka motoni, baridi. Watu wakimuuliza kama alijuta, alikuwa akivua kiatu, anawaambia wakiguse, kisha anasema, "Kisigino kimoja kiko kwake, na mama yuko kwangu."

Hadithi imefika mlangoni, nami sina nguvu ya kuirudisha ndani. Ilichokuja kusema ni hiki: msiba wa mtu aliye hai usiupokee, hata kama majirani wamekwisha kuupikia. Kataa mara ya kwanza, kataa mara ya pili, na mara ya tatu kataa huku magoti yanacheza.

Basi inukeni mkalale. Bandukeni hapo mkekani gundi ikiwa bado mbichi, na atakayeamka kesho kisigino chake cha baridi asinilaumu mimi, amuulize mama mkubwa wake.